Betri iliyokaa miaka kabatini: ipi unaiamsha, ipi unaiaga

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu betri za kuchaji ni hili, "hii ilikaa kabatini muda mrefu sana, bado nzima?" na kila nikiulizwa lazima na mimi niulize kwanza, maana hapo swali bado nusu. Ni betri ya aina gani, ya nikeli, ya lithiamu au ya risasi? Iliwekwa ikiwa imejaa au imeisha? Ilitolewa kwenye kifaa au iliachwa humo humo ikinyonywa kidogo kidogo? Majibu ya hayo matatu yananisaidia kuliko namba yoyote ya kwenye mita, na ndo maana leo nimeamua kuandika kwa kirefu, kwasababu naona watu wanatupa betri ambazo zingewafaa miaka kadhaa tena, na wengine, hawa ndo wananitisha, wanalazimisha kuchaji betri ambayo haitakiwi kuguswa tena kabisa.

Tuanze na kwa nini betri inaisha na wewe hujaitumia. Kemia ya ndani haisimami hata kama hakuna waya uliounganishwa, inaendelea tu taratibu, chaji inajimaliza yenyewe. Zile za nikeli za zamani zilikuwa mbaya sana kwa hili, betri ya Ni-MH (nikeli na haidridi ya metali, zile AA na AAA nyingi za kuchaji) ya kawaida inaweza kupoteza kama robo ya chaji yake ndani ya mwezi, na kukiwa na joto inakwenda haraka zaidi. Ndo maana mtu anachaji betri za tochi, anaziweka, siku umeme unakatika anakuta tochi haiwaki. Mwaka 2005 Sanyo wakatoa Eneloop, Ni-MH ileile ila imeundwa isijimalize haraka, wakatangaza kwamba baada ya mwaka mzima inabaki na asilimia 85 ya chaji, na tangu hapo kampuni nyingi zikafuata na leo betri nzuri ya Ni-MH kwenye ganda lake huwa wameandika kwamba imeshachajiwa kiwandani. Betri ya risasi inapoteza kitu kama asilimia 3 mpaka 5 kwa mwezi, lithiamu inapoteza pungufu ya hapo, asilimia moja au mbili, ila lithiamu ina kisaketi chake cha ulinzi ambacho nacho kinakula humohumo.

Sasa kupoteza chaji peke yake sio tatizo, ungechaji tu ikaisha hiyo habari. Tatizo ni kile kinachotokea ndani betri ikikaa muda mrefu ikiwa tupu, na hapo kila aina ina ugonjwa wake, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Nataka ushike hilo kabla hatujaendelea, maana video nyingi za kufufua betri zinaonyesha mtu anagusisha waya, mita inapanda, anashangilia, na haambii mtu ile betri ni ya kemia gani.

Na lingine la kushika: volti haitoshi. Betri ya Ni-MH iliyochoka kabisa, ukiichaji dakika chache, mita itakuonyesha 1.35 au hata 1.4, ukiangalia hiyo namba utasema imepona. Iweke kwenye kamera, inazima kabla hujapiga hata picha. Volti bila mzigo inakwambia tu kwamba kuna kitu humo ndani, haikwambii ni kiasi gani wala kinaweza kutoka kwa kasi gani. Vitu viwili ndo vinasema ukweli, uwezo uliopimwa kwa kuitoa chaji yote huku unahesabu, zile mAh (milliampea-saa), na ukinzani wa ndani, yaani betri inajibana kiasi gani ukiipa kazi. Chaja zenye kupima hivi vitu sikuhizi zipo nyingi na kama una betri zaidi ya chache nakushauri kabisa utafute moja, mimi ndo kifaa ninachokitumia kuliko vyote. Kama huna, chukua rizista ya omu 1 inayobeba wati 2 au zaidi, pima betri ikiwa haina mzigo, afu iunganishe na hiyo rizista sekunde kama kumi na upime tena ikiwa kazini. Seli nzima ya AA, yaani betri moja isiyo na ubovu, itashuka kutoka 1.35 hadi tuseme 1.25 na kutulia hapo. Iliyochoka itadondoka chini ya 1.0 na kuendelea kudondoka huku unaangalia. Hicho kipimo cha sekunde kumi kimenipa majibu mengi kuliko vitu vya bei ghali.

Haya tuingie kwenye nikeli, maana hapa ndo kwenye raha, hizi ndo betri zinazosamehe.

Unaikuta AA au AAA ya Ni-MH imekaa miaka, unaipima, sifuri au 0.2 hivi. Unaiweka kwenye chaja ya kisasa, taa nyekundu inawaka na kuzima, chaja inaikataa. Hapo watu wengi wanatupa. Lakini chaja haijasema betri imekufa, chaja imesema tu kwamba volti iko chini sana haiwezi kujua kama hii ni betri tupu, ni betri yenye shoti ndani, au umeweka betri isiyochajika, kwa hiyo inakataa kwa usalama. Unachotakiwa kufanya ni kuipandisha mpaka ivuke pale chaja inapoitambua, mara nyingi ni kuanzia 0.8 au 0.9 kwenda juu. Kama una chaja ya zamani isiyo na akili, ile inayosukuma umeme mdogo tu bila kuuliza, iweke humo dakika kumi au ishirini. Kama huna, chukua seli nyingine ya Ni-MH iliyojaa, unganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, katikati ya waya mmoja weka rizista ya omu chache ili umeme usikimbie kwa fujo, acha dakika chache, pima. Ikipanda na ukitoa waya ikabaki juu, endelea. Ikipanda na ukitoa waya ikarudi sifuri hapohapo, ndani kuna shoti, hiyo iage.

Ikishakubaliwa na chaja usiichaji kwa kasi. Mtu aliyetoka kwenye ugonjwa mrefu humpi gunia abebe siku ya kwanza. Chaji kwa sehemu moja ya kumi ya uwezo wake ulioandikwa kwa muda wa saa 16, yaani seli ya 2000 mAh unaipa milliampea 200, na usishangae hesabu kuzidi, saa 16 mara 200 ni 3200, ni kwasababu sio umeme wote unaoingia unageuka kuwa chaji, mwingine unapotea kuwa joto na gesi, na kwa kasi hiyo ndogo seli inaweza kuimeza gesi yake yenyewe bila kuumia. Kuna sababu nyingine ya kwenda polepole, chaja za haraka zinajua betri imejaa kwa kuangalia volti ikishuka kidogo sana mwishoni, sasa seli iliyolala muda mrefu volti zake zinapanda na kushuka ovyo mwanzoni, chaja inadhani imejaa baada ya dakika tano inaacha, au upande mwingine haioni kabisa ule mshuko na inaendelea kuipika. Saa 16 za polepole hazina huo mtihani.

Baada ya hapo ipumzishe kama saa moja, afu itoe chaji mpaka 1.0 kwa sehemu moja ya tano ya uwezo, kwa mfano wetu milliampea 400, na andika namba iliyotoka. Namba ya kwanza itakukatisha tamaa na usiijali. Seli ya 2000 inaweza kukupa 800 tu raundi ya kwanza, ya pili 1300, ya tatu 1600, hivo hivo inapanda. Kinachotokea ni kwamba wakati wa kulala, fuwele za ndani zinakuwa kubwa kubwa na kimiminika hakijafika sawasawa kila mahali, kuchaji na kutoa kunazivunja na kuzilowanisha upya. Raundi tatu mpaka tano zinatosha kujua, ikifika mahali namba haipandi tena basi hapo ndo ukweli wake, hata ukirudia mara ishirini utakuwa unaizeesha tu.

Na kuna sehemu haitarudi, hili niseme wazi. Ndani ya upande wa chanya wa Ni-MH kuna kobalti inayofanya kazi ya kupitisha umeme kati ya chembe za nikeli, na seli ikikaa karibu na sifuri miezi mingi huo mtandao wa kobalti unaharibika, hauponi kwa kuchaji. Upande wa hasi nao, ile aloi inayotunza haidrojeni inaoksidika. Kwa hiyo betri mbili za mwaka mmoja, kampuni moja, moja iliwekwa imejaa na nyingine imesahaulika ndani ya kifaa kinachonyonya, zinaweza kuwa tofauti kabisa. Mimi mstari wangu ni asilimia 80 ya kilichoandikwa, hapo inarudi kazini kamili. Kati ya 50 na 80 inakwenda kwenye rimoti, saa ya ukutani, kibodi, vitu vinavyokula kidogo. Chini ya 50 sihangaiki nayo. Ukinzani ukiwa mkubwa nao unashusha daraja hata kama uwezo ni mzuri, kwasababu kamera au mwanga wa flashi unataka ampea za ghafla.

Ni-Cd, ya nikeli na kadimiamu, ni ndugu yake mkubwa, aliyetengenezwa na Msweden Waldemar Jungner mwaka 1899, na kwenye kukaa bila chaji ndo ngumu kuliko zote, inaweza kulala tupu kwa miaka na ukaiamsha ikakubali. Ugonjwa wake ni mwingine, inaota sindano ndogo ndogo za kadimiamu zinazotoboa karatasi inayotenganisha pande mbili na kupiga shoti. Mafundi wa zamani walikuwa wanazichoma hizo sindano kwa kupiga umeme mkubwa wa ghafla kutoka kwenye kapasita, na ni kweli seli inaamka, nimeona kwa macho yangu. Lakini shimo kwenye ile karatasi linabaki, sindano nyingine inaota palepale, na seli kama hiyo inajimaliza haraka mno kiasi kwamba ukiichaji leo, baada ya siku chache haina kitu. Kwangu hiyo ni njia ya kukusaidia umalize kazi moja ya dharura, sio kuifufua. Na vaa miwani, seli ikipasuka kimiminika chake ni alkali kali, jicho haliwezi kuvumilia.

Ni-Cd utazikuta zaidi kwenye drili za zamani. Umoja wa Ulaya ulizuia Ni-Cd kwenye vifaa vingi vya watumiaji kwa sheria ya mwaka 2006 ila drili na wenzake wakaachwa mpaka mwisho wa 2016, kwa hiyo drili nyingi za miaka hiyo zina seli hizo ndani, 10 kwa volti 12, 15 kwa volti 18. Drili ikikaa muda mrefu na ikawa dhaifu, kwa kawaida sio seli zote zilizokufa, ni moja au mbili, na hizo ndo zinaua nyingine. Maana zikiwa zimepangwa mnyororo, iliyo dhaifu inaisha kwanza na wenzake wanaendelea kusukuma umeme kupitia humo, inageuka chanya kuwa hasi, inapata moto, inavuja. Fungua kasha, pima kila seli peke yake baada ya kuchaji na tena baada ya siku mbili, utaiona mara moja. Kubadilisha moja tu inawezekana ila mpya ikichanganyika na zilizochoka mnyororo unabaki hauna uwiano, baada ya muda unafungua tena. Mi nabadilisha zote kwa mpigo. Na nunua seli zilizokwishapigwa vibati vya kuunganishia, usilehemu moja kwa moja juu ya seli, lile joto linaharibu mpira unaoziba mdomo wake na utaanza kuona unga mweupe baada ya miezi.

Huo unga mweupe unastahili neno. Ukifungua kifaa cha zamani ukakuta chumvi nyeupe au ya kijani kwenye vibati, betri ilivuja, na kama ni ya nikeli au ya alkali basi ni alkali, kwa hiyo inasafishwa na siki nyeupe kidogo kwenye pamba, baadae maji kidogo, baadae spiriti ili ikauke. Wenye kompyuta za miaka ya mwisho ya 80 na mwanzo wa 90 wafungue leo kabla ya kesho, nyingi zilikuwa na kipipa kidogo cha betri cha volti 3.6 kilicholehemiwa kwenye ubao mkuu kwa ajili ya saa, na kikivuja kinakula njia za shaba kimya kimya mpaka ubao unakufa. Hicho hakifufuliwi hata kama mita inaonyesha kina chaji, kinakatwa na kutolewa. Na ukibadilisha na ile sarafu ya CR2032 kumbuka haichajiki, ubao ukisukuma umeme kwenda kwake inaweza kuvimba au kupasuka, lazima uweke dayodi ya kuzuia au utumie sarafu ya aina inayochajika.

Sasa lithiamu, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Lithiamu-ayoni ilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na waliofungua njia, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, wakapewa Nobel ya kemia 2019, na wanastahili, kila simu iliyo mfukoni ni kazi yao. Lakini ni kemia isiyosamehe. Seli ya kawaida ina 4.2 ikiwa imejaa na inahesabika imeisha ikifika kati ya 3.0 na 2.5. Ikikaa chini ya hapo muda mrefu, karatasi ya shaba iliyo ndani, ile inayobeba upande wa hasi, inaanza kuyeyuka kwenye kimiminika. Huioni, huisikii, ganda liko safi kabisa. Siku unayoichaji ile shaba iliyoyeyuka inarudi kuganda, ila haigandi ilipokuwa, inaganda popote, na ikitengeneza daraja kati ya chanya na hasi una shoti ndani ya kitu kilichojaa kimiminika kinachowaka. Na haiwaki lazima siku hiyohiyo, inaweza kukaa wiki kadhaa ikifanya kazi vizuri, uko umelala, simu iko kwenye chaji. Ndo maana ile habari ya kufufua lithiamu iliyokufa kwa kuigusisha na betri nyingine, ambayo kwa nikeli nimekuelekeza mwenyewe hapo juu, kwa lithiamu sikuelekezi kamwe.

Hiyo haina maana kila lithiamu inayoonyesha sifuri imekufa. Betri ya laptopu, ya kamera, ya drili za sasa, ina kisaketi cha ulinzi ambacho kinakata kabisa seli zikishuka, kwa hiyo ukipima kwenye vibati vya nje unapata sifuri wakati seli zenyewe ziko 2.7 huko ndani. Betri ya hivyo mara nyingi inaamshwa na chaja yake halali, unaiacha humo nusu saa au zaidi na chaja nzuri inaanza kwa umeme mdogo sana, sehemu ya kumi hivi, mpaka ivuke 3.0 ndo inaongeza. Kama imekataa na unajua kufungua kasha bila kugusisha vitu, pima seli zenyewe. Mstari ninaoufuata mimi ni huu: zaidi ya 2.5 naichaji polepole nikiwa hapohapo naiangalia, juu ya sahani ya udongo au saruji, mkono unaigusa kila baada ya muda, ikipata joto kwenye umeme mdogo namna hiyo imekwisha. Chini ya 2.0 na sijui imekaa hivyo tangu lini, siichaji. Kati ya hapo ni lazima nijue historia yake, na nisipoijua naichukulia kama iko chini. Iliyovimba haina mjadala wowote, haibonyezwi, haitobolewi, haichajiwi hata dakika moja kwa ajili ya kutoa picha zilizomo kwenye simu, tafuta betri nyingine ya simu hiyo.

Hata ile iliyoamka vizuri, ijaze, iache peke yake wiki mbili hivi, ipime tena. Ikibaki karibu na 4.2, tuseme 4.17, sawa. Ikishuka mpaka 4.0 na hujaitumia, kuna njia humo ndani umeme unapita, iage.

Za risasi nitapita haraka kidogo maana huko wengi wanajua, ingawa ndo kemia ya zamani kuliko zote hizi, Gaston Planté aliitengeneza Ufaransa mwaka 1859 na bado tunaitumia. Risasi inachukia kitu kimoja, kukaa bila chaji. Ikiwa tupu, sahani zake zinafunikwa na salfeti ya risasi, mwanzoni ni laini inaondoka kwa kuchaji, ikikaa miezi inakuwa fuwele ngumu isiyopitisha umeme. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.7, ikisoma 12.0 tayari iko karibu kuisha, na ikisoma kama 10.5 baada ya kuichaji basi seli moja kati ya sita imekufa na hakuna maji wala dawa itakayoirudisha. Ya kwenye UPS, kile kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, ile ndogo ya 7 Ah (ampea-saa) iliyozibwa, ikiwa imelala ukiiunganisha na umeme wa volti 14.4 mara nyingi haili chochote, mita ya ampea inasoma karibu sifuri na watu wanaitupa hapo. Iache. Zuia umeme usizidi ampea 0.7, iache saa nyingi, siku nzima, na kama kuna uhai utaona ampea zinaanza kupanda zenyewe kadri salfeti inavyoachia. Ikianza kupata joto toa. Betri ya maji unaangalia sahani kama zimefunikwa, unaongeza maji safi ya betri yasiyo na chumvi, sio asidi, asidi haikwenda popote, kilichopotea ni maji. Fanya mahali penye hewa maana inatoa haidrojeni, cheche moja inatosha. Vile vifaa vya kupiga mapigo ya umeme kuondoa salfeti sijawahi kupata tofauti niliyoweza kuipima ukilinganisha na chaji ya polepole na subira, na zile dawa za unga za kumwaga ndani siziamini kabisa. Ya kwenye UPS ikishafika miaka 3 mpaka 5 imeshamaliza umri wake hata kama haikutumika sana, hapo nunua nyingine.

Na kununua nako kuna mtego, kwasababu betri "mpya" inaweza kuwa imelala dukani miaka mingi kuliko ile ya kabatini kwako. Angalia tarehe ya kutengenezwa kwenye ganda. Ya laptopu ya zamani isiyotengenezwa tena ukiipata kwenye boksi lake halisi la kiwandani usifurahi kwanza, seli za humo zinaweza kuwa na umri sawa na laptopu. Angalia namba pia. Seli za 18650, zile za lithiamu za umbo la kipipa, kubwa za ukweli utakazokutana nazo kwa kawaida ni 3500 mAh hivi, ukiona imeandikwa 9900 huo ni uongo mtupu, ipime kwenye mizani, ya kweli ina gramu kati ya 45 na 50, ya uongo mara nyingi ni nyepesi mno. AA ya Ni-MH ikivuka 2800 nakuwa na wasiwasi. Na namba kubwa sio lazima iwe bora kwako, Eneloop ya kawaida ya 2000 hivi kampuni yenyewe inaihesabia kuchajiwa mara 2100, ile ya 2500 mara 500, kwasababu wamejaza vitu vingi humo ndani na kila kilichobaki kimekuwa chembamba. Kwa tochi ya dharura na rimoti nachukua ya 2000 bila kufikiria.

Ukishazipata, nzima za zamani au mpya, namna ya kuziweka inategemea tena aina. Nikeli inakaa popote ila ichaji angalau mara moja kwa mwaka, ile ya zamani inayojimaliza haraka kila baada ya miezi michache. Lithiamu usiiweke ikiwa imejaa wala ikiwa tupu, iweke katikati, 3.7 au 3.8 kwa seli, mahali pasipo na joto, maana kujaa pamoja na joto ndo kunaizeesha kuliko kitu kingine chochote. Risasi kinyume chake, iweke imejaa na uirudishie chaji kila miezi mitatu minne. Zote zitoe kwenye kifaa, hata kifaa kilichozimwa kinanyonya kidogo. Mimi naandika kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kila seli mwezi na mwaka nilioipima na mAh zilizotoka, na nazifunga mpira kwa makundi ya zinazokaribiana, zile za 1850 na 1900 pamoja, za 1400 kwingine, kwa hiyo kifaa cha seli nne hakipati moja dhaifu katikati ya tatu zenye nguvu.

Zile zilizoshindikana zisichanganywe na taka. Kadimiamu na risasi ni sumu, na lithiamu hata ikiwa imeisha ina moto wa kutosha kuwasha gari la taka likiibana. Bandika utepe wa gundi kwenye vichwa vya kila moja, za lithiamu zilizovimba ziweke peke yake kwenye kopo la bati lenye mchanga nje ya nyumba, na uzipeleke kwa wanaokusanya betri chakavu. Ya risasi watakupokea kwa furaha, risasi yake inayeyushwa karibu yote na kutengenezwa betri nyingine.